Bibi Harusi, Masomo Usiyaache Nyuma



Wiki iliyopita nilikuwa nampima bibi harusi gauni la nikaha. Akaniambia, "Dada, chuo nimeacha. Naolewa Pemba, nitasomaje tena?" Akacheka, lakini machozi yalimlenga.

Nikaweka futi chini, nikamhadithia yangu.

Mimi nimesoma skuli hadi sekondari, kisha nikajifunza ushoni. Nilipokuwa ndani ya arobaini ya mtoto wa pili, duka lilikaribia kufa. Oda na madeni yote yalikuwa kwenye daftari moja, halieleweki. Nikajiunga na kozi ya kuweka hesabu za biashara kwa kompyuta, nasoma kwenye simu mtoto akilala. Peke yangu nikashindwa, nikaacha. Mara ya pili tukawa wanawake watano, tunaulizana kila usiku. Nikamaliza. Ndipo nilipojua kuwa zaidi ya nusu ya mabuibui niliyouza yalikuwa hayajalipwa!

Mwalimu wetu alitueleza habari za Profesa Starr Roxanne Hiltz wa New Jersey Institute of Technology, Marekani, msomi wa mifumo ya taarifa. Miaka ya 1980 alijenga darasa ndani ya kompyuta: mwalimu anaandika, mwanafunzi anajibu kwa saa yake, hata alfajiri. Mwaka 1994 akatoa kitabu chake, The Virtual Classroom. Utafiti wake ulionesha kuwa darasa hilo hufaa sana pale wanafunzi wanapojadiliana na kufanya kazi pamoja. Ukitumiwa maandishi tu ukaachwa peke yako, faida hupungua. Nilicheka, maana ndiyo yaliyonikuta.

Kwa hiyo bibi harusi, ndoa haifungi kitabu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinasomesha kwa masafa tangu 1994, na Pemba kina kituo. Lakini sema mapema, kabla ya nikaha, kupitia walii wako: nataka kusoma, nahitaji saa yangu na pesa ya bando. Kisha tafuta wenzako wa kusoma nao. Kuomba hayo si ujeuri, elimu ni haki yako.

Juzi alikuja kujaribu gauni. Ameshazungumza na baba yake, jibu la bwana harusi bado. Ila chuo ameshapiga simu kuuliza.

Tumuombee dua. Allah amfanyie wepesi, yeye na sisi sote. Amin.