Mbio za Magari na Gharama Zake

Hapa Ifo, karibu na Dadaab, lori likipita huacha vumbi lililosimama kama ukuta, na watoto hulikimbilia. Jioni hutengeneza magari yao kwa makopo ya mafuta ya kula na kushindana nayo mchangani. Nami nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Basi sikubali neno la wasemao kwamba kupenda mbio za magari ni tabia ya matajiri peke yao.

Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Siku zile magari yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei yake dukani, ili gari la bei ndogo lishindane na la bei ndogo. Njia ilikuwa ndiyo hakimu. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi wa magari, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwisha tumiwa na wengine.

Je, leo yawezekana? Mwaka 2022 gari moja la daraja la juu katika mashindano ya dunia lilikaribia bei ya yuro milioni moja. Katika Formula One, mwaka 2021 ilibidi kila timu iwekewe mpaka wa dola milioni 145 kwa mwaka, na mishahara ya madereva haimo katika hesabu hiyo. Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Nukta moja ya saa hununuliwa kwa vyuma vyepesi, majaribio mengi na wahandisi wengi. Tajiri mmoja akiinunua, mwenzake hana budi kununua mbili. Mashindano ya ufundi hugeuka mashindano ya mifuko.

Mwaka 2021 Safari Rally ilirudi katika mashindano ya dunia, baada ya kukosekana humo tangu mwaka 2002. Kituo chake kilikuwa Naivasha. Nauli sikuwa nayo, na mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Niliitazama kwa simu ya rafiki, watu sita juu ya kioo kimoja. Nakiri kwamba nilifurahi sana. Nakiri pia kwamba picha ilipozimika niliona uchungu, kwa kuwa mchezo ulio katika nchi niishiyo ulikuwa mbali nami kama mwezi.

Asubuhi yake nilipita sokoni nikamwona fundi ameinamisha kichwa juu ya injini ya lori, akiisikiliza kama tabibu asikilizavyo kifua cha mgonjwa. Hakuwa na mashine ya kupimia, ila sikio na subira. Alitaja ubovu, akaufungua, akaukuta pale pale. Hapo nikakumbuka ndugu wawili wa Kericho na Volvo yao kuukuu.

Kwa hiyo, msomaji, usiyaonee haya mapenzi yako kwa kuwa bei imekushinda, wala usiidhanie bei kuwa ndiyo thamani. Gari la yuro milioni ni la wachache. Ujuzi wa kulifahamu gari huuzwa kwa bidii, na bidii hata Ifo ipo.