Mfanyakazi wa Siku ya Mbuzi

Wasee, kuna kikaratasi kimekaa kwenye droo yangu tangu Desemba na kila nikikiona naskia aibu. Kimeandikwa kwa biro: mbuzi mzima, ugali, kachumbari, soda, jumla 17,400. Pembeni kuna mafuta ya nyama. Hicho ndicho nilimpelekea mhasibu nikiwa na uhakika kabisa kwamba serikali itanisaidia kulipia mbuzi.

Turudi nyuma kidogo. Mimi nina kampuni. Ukisikia "limited" usidhani ni ghorofa Upper Hill. Ni chumba kimoja Roysambu, viti vinne, feni moja na cheti cha kutoka eCitizen. Niliisajili kwa sababu wateja wenye doh ya maana walikuwa wanataka invoisi ya kampuni, na Sheria ya Makampuni ya 2015 inakubali mtu mmoja awe mkurugenzi na mwenye hisa peke yake. Siku cheti kilitoka nilimpigia mamangu nikamwambia, "Mum, sasa mimi ni mkurugenzi." Akaniuliza kama hiyo inamaanisha nitarudi chuo. (Niliacha mwaka wa pili, nikisomea biashara. Somo la kodi lilikuwa la mwaka wa tatu. Cheka tu.)

Mwaka uliisha vizuri, nikaamua kuitoa mbogi. Tukakodi gari hadi Kikopey, pale barabara ya Nakuru ambapo moshi wa nyama unakusalimia kabla hujashuka. Tulikuwa sita: mhariri wangu wa video, mpiga kamera, dada anayeshughulikia akaunti zetu, mimi, binamu yangu na mpenzi wangu. Gari 15,000, chakula 17,400, na vinywaji vya watu wazima 6,000. Jumla 38,400. Nililipa yote kwa M-Pesa ya simu yangu, nikawaambia kwa sauti ya bosi, "Kuleni, hii ni ya kampuni."

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kampuni inalipa asilimia 30 ya faida kama kodi. Nikiandika 38,400 kuwa gharama ya kuburudisha wafanyakazi, faida inapungua kwa hizo 38,400, kodi inapungua kwa 11,520. Na nilikuwa hata nimetoa video nikiwafundisha mambo haya: "Fungua kampuni, kila kitu kiwe cha kampuni." Ilitazamwa kuliko video zangu zote za mwaka jana. Nimeifuta, na mtaona kwa nini.

Mhasibu wangu ni mama mmoja aliyekuwa jirani yetu nikiwa mdogo. Tunamwita Auntie, na ana ile tabia ya kukuangalia juu ya miwani. Alishika kikaratasi kwa vidole viwili.

"Mwanangu, hii ni nini?"

"Sherehe ya wafanyakazi, Auntie."

"Na eTIMS iko wapi?"

Kama una biashara na hujaskia hilo neno, amka. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na invoisi ya eTIMS haikubaliki kwenye hesabu za kodi, isipokuwa vitu vichache kama mishahara. Na ukinunua lazima utoe PIN ya kampuni, siyo PIN yako. Mimi nilikuwa na biro na mafuta ya mbuzi. Mwenye gari hakunipa hata kikaratasi.

Nikamwambia, sawa, naweza kurudi Kikopey niombe risiti ya kweli. Akasema nisichome mafuta ya gari bure, kwa sababu hata na eTIMS hiyo mbuzi haipiti. Akanifungulia Sheria ya Kodi ya Mapato, kifungu cha 16. Burudani ya kibinafsi, hapana. Gharama za hoteli, mkahawa na chakula cha kuagizwa, hapana, ila kama ni chakula au malazi ya safari ya kikazi, mafunzo au mkutano wa kazi, ama chakula ambacho mwajiri anawapa wafanyakazi mahali anapopaendesha mwenyewe.

Hapo nikaona mwanya. "Auntie, ilikuwa safari ya kikazi. Tulishuti huko."

"Mlishuti nini?"

"Mbuzi."

Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akanieleza kitu ambacho sikukitarajia: kama ningewapikia chapati na maharagwe pale pale Roysambu, hiyo ingekuwa na nafasi nzuri kuliko mbuzi wa Kikopey. Chakula cha kazini ni kitu kimoja, kutoa watu kula raha ni kingine. Na binamu na mpenzi wangu? "Hao ni wafanyakazi wa idara gani?" Sikujibu.

Mpaka hapo ilikuwa tu mimi kukosa 11,520. Ningeenda nyumbani nikalala. Lakini akauliza swali lingine, polepole, kama mtu anayeshusha sahani: "Hebu nionyeshe orodha ya mishahara ya hao wengine watatu."

Hakukuwa na orodha. Mhariri wangu nimekuwa nikimtumia 25,000 kila mwisho wa mwezi kwa M-Pesa, miaka miwili. Hana mkataba, NSSF, wala SHA kupitia kwangu. Anakuja saa tatu asubuhi, anatumia kompyuta yangu, anaomba ruhusa akitaka kwenda kumwona daktari. Ukiniuliza mtandaoni ningekwambia ni "fundi huru". Ila kwa kitabu cha Auntie nilikuwa nataka kumwita mfanyakazi, kwa sababu siku hiyo neno lilikuwa na faida ya 11,520.

Auntie akapiga hesabu nyuma ya kile kikaratasi changu. 25,000 mara 12 ni 300,000 kwa mwaka. Kama ni fundi huru, hana invoisi ya eTIMS. Kama ni mfanyakazi, sijawahi kumtangaza popote. Vyovyote vile, KRA wakija kukagua, hiyo ni pesa ngumu sana kuitetea, na asilimia 30 yake ni 90,000. Nilikuwa nakimbiza mkia wa mbuzi huku ng'ombe mzima akitoka na geti.

Nilirudi ofisini nikamwambia mhariri yote. Nilidhani atacheka hiyo ya mbuzi. Hakucheka. Aliweka vipokea sauti mezani akasema, "Kwa hivyo buda, mimi nilikuwa mfanyakazi siku ya mbuzi tu."

Manze, hiyo iliniingia. Kwa sababu mwezi wa nane alilazwa siku tatu, na nilichofanya ni kumtumia 3,000 na kuandika kwa status yangu kwamba timu yangu ni familia.

Tukakaa chini na namba. Nikimwandika kwa 25,000, anakatwa NSSF 1,500, SHA 687.50 na nyumba 375. Anabaki na 22,437.50. Mimi naongeza NSSF nyingine 1,500, nyumba 375 na shilingi 50 za NITA. Aliangalia hiyo 22,437.50 kwa muda mrefu. "Yaani nikiwa halali nakuwa maskini zaidi?" Na siwezi kusema hakuwa na pointi. Kodi ya nyumba yake haijui kama ana NSSF. Nilimwambia angalau akiugua kutakuwa na SHA inayolipwa kila mwezi. Akaniambia SHA hainunui unga. Tulibishana karibu saa nzima, sauti ikapanda, dada wa akaunti akatoka nje akajifanya ana simu.

Mwishoni tulifika 28,000. Baada ya makato yote, pamoja na kodi kidogo ya mshahara, anabaki na 24,800 na kitu. Mimi inanigharimu 30,150 kwa mwezi, na hiyo ni mtu mmoja kati ya watatu. Mpiga kamera na dada wanajua zamu yao inakuja. Sijui mwezi wa pili utakuwaje, lakini mshahara ulioandikwa vizuri ni gharama ambayo kampuni inaweza kudai bila kutetemeka. Desemba hii tutapika ofisini. Tayari kuna kelele kuhusu nani ataleta jiko.

Jana alileta mkataba akiwa ameusoma wote, kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwa nimefanya. Alikuwa amepigia mstari pale panaposema siku 21 za likizo kwa mwaka.

"Bosi," akasema, na safari hii hakuwa anatania, "na ya ile miaka miwili?"

Nikavuta kiti, tukaanza kuhesabu.