Nilivyojifunza kuandika insha (na inavyonisaidia kuandika programu)

Haya, nimerudi. Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi imenibana kweli kweli. Niliahidi tungeendelea na mambo ya hifadhidata, lakini leo mniwie radhi, tuyaweke kando kidogo.

Jumapili iliyopita binamu yangu, ambaye ameanza chuo mwaka huu, alinipigia simu kutoka Wote. "Kaka, wewe ni mtu wa kompyuta. Nitajie programu nzuri ya kuniandikia insha. Nina siku nne tu." Nilicheka. Kisha nikakumbuka insha yangu ya kwanza, na kicheko kikaisha.

Ilikuwa mwaka 2013. Nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja huko Kitui, nikisomea sayansi ya kompyuta. Kulikuwa na somo la lazima la stadi za mawasiliano, na sisi wa kompyuta tulilidharau. Mhadhiri akatupa kazi: insha ya maneno 1,500 kuhusu mabwawa ya mchanga Ukambani. Rahisi! Nikaingia saiba, nikafungua Wikipedia na tovuti mbili tatu za mashirika, nikanakili, nikabandika, nikabadilisha maneno hapa na pale, nikachapisha. Saa mbili hivi, kazi kwisha.

Kwa msomaji ambaye hajafika kwetu: bwawa la mchanga ni ukuta wa mawe na saruji unaojengwa kukatiza mto wa msimu, juu ya mwamba. Mvua ikinyesha, mto unaleta mchanga na mchanga unajaa nyuma ya ukuta. Maji yanajificha katikati ya punje, ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Mto ukikauka, watu wanachimba shimo na kuteka. Kitui ni mashuhuri kwa mabwawa haya. Shirika la SASOL peke yake limesaidia jamii kujenga mamia yake tangu miaka ya 1990.

Hayo yote niliyaandika, na yote yalikuwa kweli. Karatasi ikarudi na sifuri. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, swali moja: "Wewe uko wapi hapa?"

Nilienda ofisini kwake nikiwa nimejiandaa kubishana. Hakunipa nafasi. Alifungua kurasa nilizonakili, moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye skrini. Halafu akasema, "Kijana, kuiba ni kosa la kwanza. La pili ni kwamba unaniambia mabwawa ni mazuri. Nani amekataa? Niletee jambo ambalo mtu anaweza kukubishia, kisha unionyeshe kwa nini unalisema." Alinipa wiki mbili. Nikishindwa, ningerudia somo mwaka unaofuata na kulilipia tena. Karo ya muhula ule ilitokana na mbuzi wa Mwaitu, yaani mama yangu. Hesabu ya mbuzi waliobaki niliijua vizuri.

Mwenzangu wa chumba alikuwa akiandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao kwa malipo, kazi ambayo vijana wengi wa Kenya wameifanya. Akajitolea kuniandikia kwa bei ya kirafiki. Ningependa kuwaambia kwamba nilikataa kwa sababu ya maadili. Ukweli ni kwamba sikuwa na pesa.

Basi nikasafiri nyumbani, upande wa Kibwezi, Makueni. Siku hizo barabara ya kutoka Kitui kupitia Mutomo na Ikutha ilikuwa ya vumbi, unafika ukiwa na rangi moja na mizigo. Ilikuwa Oktoba, mvua za vuli hazijaanza. Kwetu kuna mabwawa mawili kwenye vijito viwili, yote yalijengwa na kikundi kile kile cha mwethya, kazi ya pamoja ya wanakijiji. Nikagundua jambo la ajabu: watu wote walikuwa wanateka maji bwawa la chini. La juu, lililo karibu zaidi na nyumba, halikuwa na hata punda mmoja.

"Mwaitu, mbona hamuendi la juu?"

"Lile limeshiba matope, mwanangu. Hata ukichimba, maji yanatoka kama machozi."

Sasa hapo ndipo akili yangu ya kompyuta iliamka. Nikachukua jembe, saa na mtungi wa lita 20. Bwawa la chini, mtungi ulijaa kwa dakika 11. Bwawa la juu, baada ya saa nzima sikuwa nimepata hata lita 5. Nikapanda vilima vyote viwili. Cha kijito cha chini kilikuwa na matuta ya fanya juu kutoka juu hadi chini. Cha kijito cha juu kilikuwa kitupu, udongo mwembamba umeachwa ushuke na mvua. Isitoshe, wazee wakaniambia ukuta wa juu ulijengwa wote kwa mara moja. Ule wa chini waliupandisha kidogo kidogo kila msimu, matope yakawa yanapita juu yake na mchanga mzito unabaki.

Nikarudi Kitui na hoja: bwawa la mchanga linaanzia kwenye matuta ya kilimani, kabla hata ya ukuta. Hilo mtu anaweza kulibishia, na nilikuwa na namba. Kazi ngumu ilikuwa kuliandika. Mwaitu alieleza kwa Kikamba na insha ilitakiwa kwa Kiingereza, nikajua kwamba jambo usilolielewa huwezi kulitafsiri. Mhadhiri akanionyesha jinsi ya kumtaja Mwaitu kwenye marejeleo kama mahojiano, jina na tarehe. Pia alikata sentensi yangu iliyosema "mabwawa yote Ukambani". "Umeona mangapi?" Mawili. "Basi andika mawili." Nilipata alama 61, na mbuzi wakabaki zizini.

Mnauliza programu ziko wapi hapa. Ziko kote. Mtu akiniandikia "sistimu yenu ni mbovu", hiyo ni insha yangu ya kwanza. Akiniandikia alichobonyeza, alichotarajia na kilichotokea, naweza kurekebisha hitilafu usiku huo huo. Donald Knuth aliandika mwaka 1984 kwamba programu iandikwe kama maelezo ya kusomwa na binadamu, na kwamba mwandishi wa programu ni kama mwandishi wa insha. Nilipomsoma nilimwelewa haraka, kwa sababu ya ule mtungi.

Nikamrudia binamu. Programu anazouliza zipo: ChatGPT ilitolewa Novemba 2022, na nyingine zimefuata. Mimi mwenyewe ninazitumia kazini. Zitamwandikia insha safi kuliko ile niliyonakili saiba, lakini hazijui bwawa letu la juu lina nini mpaka mtu achimbe. Nikamuuliza, "Hapo kwenu kuna jambo gani linakushangaza?" Akanyamaza kidogo. Halafu akasema hajawahi kuelewa kwa nini majirani huuza ndengu wiki ile ile ya mavuno, wakati wote wanajua bei huwa chini.

"Umewauliza?"

"Bado."

"Basi una siku nne."

Jana usiku alinitumia kurasa mbili. Sarufi imevunjika kila mahali, lakini kuna majirani sita ndani yake, na mmoja anapinga wengine wote. Nimemwambia aanze na huyo.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi.