Mnara wa Mwamba wa Conister

Katika ghuba ya Douglas, mji mkuu wa Isle of Man, kuna mwamba uitwao Conister ambao maji yakijaa hufunikwa karibu wote. Juu yake umesimama mnara wa mawe uliojengwa kwa sura ya ngome ndogo. Wasafiri wa meli ya Liverpool huupiga picha, wakaendelea na safari zao. Lakini mwaka 1832, ulipojengwa, haukuwa pambo. Ndani yake iliwekwa mikate, maji ya kunywa na kengele, ili baharia aliyevunjikiwa na chombo usiku apate pa kujishikiza na cha kuitia watu. Wenyewe wanauita Mnara wa Kimbilio.

Nilikaa mji ule miaka ya karibu na 2010, nikifanya kazi katika nyumba ya kulea wazee iliyotazama ghuba. Baridi sikuizoea hata siku moja. Bamvua, kwa mzaliwa wa Nungwi kule Unguja, haikuwa ngeni: maji yalipokupwa sana mchanga ulitokeza hadi kwenye mwamba, na watu wakaenda kwa miguu mpaka mnarani, kama mama zetu wanavyotoka kutafuta pweza.

Mmoja wa wazee niliowahudumia aliwahi kuwa baharia wa kujitolea katika boti ya uokozi. Mikono yake ilikuwa haishiki tena kikombe, ila akili ilikuwa safi. Asubuhi, nikimnyoa ndevu, alikuwa akinisimulia habari za Sir William Hillary.

Hillary alikuwa Mwingereza wa Yorkshire aliyehamia kisiwani mwaka 1808. Desemba 1822 meli ya kivita Racehorse iligonga miamba ya Langness. Hawakufa mabaharia wake peke yao; walikufa pia watu wa Castletown waliotoka na mashua kwenda kuwaokoa. Hapo mzee alikuwa akikwama kila mara. Ushujaa, alisema, ulikuwapo pwani zote kabla ya Hillary hajazaliwa. Watu walitoka, wakafa, na wajane wao wakabaki na njaa. Alichofanya Hillary ni kukaa chini akaandika. Mwaka 1823 alichapisha kijitabu cha kuwaomba Waingereza waunde taasisi ya taifa zima: ziwepo boti za kazi hiyo, waokoaji watunzwe, familia za watakaokufa ziangaliwe, na mtu wa taifa lolote aokolewe, hata kama nchi yake iko vitani na Uingereza. Mkutano wa kuiunda ulifanyika London tarehe 4 Machi 1824. Ndiyo leo RNLI, inayoishi kwa michango ya watu, na wengi wa mabaharia wake ni wa kujitolea.

Habari ya wajane ilinikaa rohoni kuliko habari ya mawimbi. Mtu mwenye cheo, mwenye nyumba kubwa juu ya bandari, alijua kwamba anayeruka kwenye mashua usiku ana watoto waliolala nyumbani, na akaona hilo nalo ni jambo la kuwekewa utaratibu.

Na hakuwa mtu wa karatasi tu. Alfajiri ya tarehe 20 Novemba 1830 meli ya mvuke St George ilikatikiwa na mnyororo wa nanga ikatupwa juu ya Conister. Hillary alikuwa na umri wa miaka 59, na kuogelea hajui. Akaingia botini na wenzake. Walibanwa kati ya meli na mwamba, usukani ukang'oka, makasia yakavunjika, wimbi likamtupa yeye na wengine majini. Walipomvuta ndani mbavu zilikuwa zimevunjika. Watu 22 wa meli ile walitoka wote hai, na katika waokoaji hakupotea hata mmoja. Baada ya mkasa huo ndipo mnara ukajengwa.

Alifariki Januari 1847, madeni yakiwa yameshamtoa hata katika nyumba yake. Kaburi lake liko katika uwanja wa kanisa la St George, na juu ya kilima cha Douglas Head ipo sanamu yake ya shaba nyeusi, imeelekea baharini. Siku za mapumziko nilipanda kuitazama. Ni kazi nzuri. Hata hivyo kila nikisimama pale macho yalinishuka kwenye mwamba. Sanamu inamkumbuka Hillary. Mnara unamkumbuka mtu ambaye bado hajazama. Ukumbusho wake kwangu ni huo, pamoja na boti ya uokozi ya Douglas ya wakati ule, ambayo iliitwa kwa jina lake na ilitoka mvua ikinyesha.

Tarehe 10 Septemba 2011 nilikuwa zamu simu za nyumbani zilipoanza. Spice Islander, iliyotoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imepakia kupita kiasi, ilikuwa imezama usiku katika mkondo wa Nungwi. Watu walielea juu ya magodoro mpaka kukapambazuka. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana. Baadaye tume ya uchunguzi iliwahesabu waliokufa na waliopotea kuwa zaidi ya 1,500. Mzee aliniona nilivyo, akaniuliza ni nani waliotoka kwenda kuokoa. Nikamwambia ni wavuvi na boti za mahoteli.

"Castletown," akasema. Hakuongeza neno.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wa waliotoka. Nilingoja wiki kadhaa kabla ya kumgusia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Baridi inasemaje?"

Ya usiku ule hakutaka kuyasema. Nikamweleza ya Hillary, na mnara, na boti inayokaa tayari usiku na mchana. Akasikiliza, kisha akauliza:

"Mafuta anatoa nani?"

"Watu wanachanga. Hata madukani kuna makopo ya sarafu."

"Na mtu asiporudi?"

"Mkewe na watoto wanaangaliwa. Hillary mwenyewe aliliandika tangu mwaka 1823."

Alikaa kimya kidogo. Halafu akanieleza habari za jirani yetu ambaye mashine ya boti yake iliungua alfajiri ile ya kuokoa, akauza nyavu ili anunue nyingine. Hakumwambia mtu. Ingeonekana anadai malipo ya maiti.

Miaka iliyofuata RNLI ilishirikiana na mradi wa Panje, pale pale Nungwi, kuwafundisha watoto kuogelea na kujiokoa, wasichana pia, ambao zamani hawakufundishwa. Mjomba ameipenda kazi hiyo kwa dhati. Lakini kila nikimpigia simu bado ananiuliza habari ya mafuta.