Samani za Marudio

Huku kwetu Kanda ya Ziwa, sauti ya th ni mgeni asiyelala. Hufika imebebwa na neno la Kiarabu, hupokewa mlangoni kwa heshima zote, kisha huaga mapema, na s ikaketi mahali pake. Kwa hiyo mtu wa Buseresere akikuambia kwamba nyumba yako haina samani, mtazame usoni kabla hujamjibu. Huenda anasema haina viti wala vitanda. Huenda anasema haina thamani. Wajuzi wa asili za maneno watatuhakikishia kwamba hawa wawili si ndugu: samani ni la Waajemi, ambao kwao lilikuwa jina la vitu na vyombo vya mtu, na thamani ni la Waarabu, lenye maana ya bei. Lakini wajuzi hao hawakai jirani na stendi yetu, ambako fundi mmoja ameandika juu ya banda lake, kwa rangi nyekundu: SAMANI ZENYE SAMANI. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na mkono wangu umezoea kusahihisha. Maandishi hayo sijathubutu hata kumtajia mwenyewe. Nayaona yamekamilika.

Kaka yangu alipolitamka neno hilo sebuleni kwa marehemu mama, alikusudia maana zote mbili. Mama alituachia nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na sebule, si mbali na barabara kuu. Tulikubaliana tuipangishe kwa wageni wa siku mbili tatu, maana wageni hapa hawakauki. Buseresere imepakana na Katoro kiasi kwamba mpita njia hutoka mji mmoja akaingia mwingine asijue, ingawa Katoro imo Wilaya ya Geita na sisi tumo Wilaya ya Chato. Kabla ya Mkoa wa Geita kuanzishwa mwaka 2012, hatua hizo chache zilikuwa zinakutoa Mkoa wa Mwanza na kukuingiza Mkoa wa Kagera. Hupita wanunuzi wa dhahabu, mafundi wa mitambo ya kusagia mawe, madereva wanaoelekea Bwanga na Biharamulo, watumishi waliokuja kikazi, na jamaa waliokuja msibani wakakosa pa kulala kwa wafiwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga waliosema hivyo nadhani walikuwa na nyumba ya kupangisha.

Kaka alitaka tununue kila kitu kipya kutoka Mwanza: makochi yanayong'aa kama ngozi, makabati meupe, vitanda vya mbao za maranda yaliyogandishwa kwa gundi. Sikumlaumu. Kipya kinyemi, kingawa kidonda, na wageni wetu wengi ni watu waliotoka katika nyumba za udongo juzi tu. Kung'aa kwa kochi kwao ni habari njema. Lakini nilikuwa nimeona katika nyumba za wageni za hapa jinsi kabati la namna ile linavyovimba miguu likimwagikiwa ndoo moja ya maji, na jinsi kochi linavyochanika kiuno kabla ya mwaka. Na fedha zenyewe hazikuwepo za kutosha. Nikasema tutumie vilivyomo, na vilivyopungua tuvitafute kwa watu.

"Yaani unataka kuwalaza wageni kwenye mitumba?" akauliza.

Swali hilo lilinikwaza kuliko alivyodhani, na lilinikwaza kama mtu wa lugha. Kwa nini mtumba liwe tusi? Katika karne ya 19, Wanyamwezi na Wasukuma walipokuwa wapagazi wa misafara kati ya pwani na bara, mtumba ulikuwa mzigo, robota lililofungwa kwa kipimo cha bega la mtu mmoja. Mara nyingi ndani yake mlikuwa na merikani, kitambaa kipya ambacho hakuna mwili uliowahi kukivaa. Babu wa babu zetu walibeba mitumba mipya. Neno limechakaa begani mwetu wenyewe, likaacha kutaja mzigo, likabaki kutaja jasho la mtu mwingine.

Nikaanza kutafuta jina la kile nilichokuwa nakifanya, na kila nililolishika liliniponyoka. Kuukuu ni neno la haki lakini lina vumbi; husemwa kwa nguo, kamba, jembe. Chakavu limekwisha kukata tamaa. Kongwe lina heshima, nasi tumewapa wazee na miji: Zanzibar wanao Mji Mkongwe, na hoteli zake huwalaza watalii katika vitanda vya nakshi, na hakuna anayeuliza kama ni mtumba. Nani huku atakubali kwamba kabati la mama ni kongwe? Madalali wa Katoro wao husema "used", kwa Kiingereza, wakiamini kwamba aibu ikivalishwa neno la kigeni hupendeza. Lililonikaribia ni methali moja tu, nayo si jina: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Kamba hata ikizeeka haifanani na kile kishupatu kipya cha majani. Nilimsomea kaka methali hiyo. Akasema wageni hawalali juu ya methali.

Basi nikanunua. Mji wa machimbo ni mahali pema pa kununua vilivyotumika, kwa sababu watu huja ghafla na kuondoka ghafla. Duara likitoa, mtu hununua seti nzima. Duara likikauka, huuza kitanda usiku ili apate nauli ya asubuhi. Watumishi wakipata uhamisho huacha makabati kwa bei ya kuyasafirisha. Meza ya kulia nilipewa kwa shilingi 45,000 na mwalimu mwenzangu aliyehamia kusini. Ni ya mninga, na ilikuwa imepakwa rangi ya buluu ya mafuta, tabaka juu ya tabaka. Viti vinne nilivipata kimoja kimoja, havifanani, na sijaona sababu ya kuvifananisha. Godoro lililotumika sikununua hata moja, wala mto, wala kitu chochote cha kitambaa kilichoshonewa ndani, maana kunguni hawana habari na urembo wa vitu vya kale. Kila kipande cha mbao kilichoingia kwetu kililala kwanza uani siku tatu juani, kikamwagiwa maji yanayochemka kwenye kila kiungio, kisha kikasuguliwa kwa mafuta ya taa. Anayetaka kunifuata katika kazi hii aanzie hapo, mashairi yatafuata.

Kitanda cha mama ndicho kilichotuletea maneno. Baba alikinunua kwa malipo ya pamba, msimu mmoja wa miaka ya 1980: kitanda cha mninga chenye nguzo nne za kutundikia chandarua, ambacho wauza samani wa leo hukiita besela. Mama alizaa juu yake mara mbili na alikatia roho juu yake. Nilimwita fundi mzee, mtu wa Tanga aliyekuja huku miaka ya 1990 akiifuata dhahabu, ikamkataa, akarudia randa. Nilimwonyesha kuwa mguu mmoja unacheza.

"Huu si mguu, mwanangu," akasema. "Mguu ni wako. Hili ni tendegu."

Akaendelea kunionyesha kwa ncha ya patasi, kama daktari anayefundisha. Ubao mrefu wa ubavuni, mfumbati. Kipande cha kukingama kichwani na miguuni, kitakizo. Upande wa kulaza kichwa, mchago. Nafasi ya chini, uvungu, na hili la mwisho nililijua kwa sababu ya yule atakaye cha mvunguni, ambaye sharti ainame. Maneno hayo yamo katika kamusi za zamani, nami niliwahi kuyapita kwa macho kama mtu anayepita makaburi ya wasio jamaa zake. Sasa niliyaona yanabanwa kwa gundi na kugongwa nyundo. Nikaelewa kwa nini yanakufa. Kitanda cha maranda ya kugandishwa hakina tendegu. Kina boliti nane na karatasi ya maelekezo. Kikivunjika hakitengenezwi, na kisichotengenezwa hakihitaji majina ya viungo vyake. Malenga atakayeandika leo juu ya kitanda ataandika "kitanda" kisha akwame, atafute kina kingine.

Mzee alikuwa na jambo jingine. Alipokuwa akisugua mfumbati aliniuliza kama najua kwa nini karatasi ile inaitwa msasa. Sikujua. Akasema msasa ni mti, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na babu yake alisugulia milango kwa majani hayo. Karatasi ilipokuja kutoka viwandani ilirithi jina la jani. Nilipenda sana hilo, kwamba kitu kipya kabisa kinatembea mjini na jina lililotumika.

Rangi ya zamani ilipotoka, mninga ulijitokeza na ule wekundu wake wa kahawia. Mti huo ukikatwa ukiwa mbichi hutoa utomvu mwekundu kama damu. Dada yetu mkubwa alikuwa amefika kutoka Kahama siku hiyo, akasimama mlangoni, akakitazama kitanda kilichovuliwa, na hakuketi.

"Kitanda alichokatia roho mama utakilaza mtu kwa shilingi?"

Sikuwa na jibu, na niliona kaka amenyamaza pia, yeye aliyetaka tukiuze. Dada hakuwa na shida na mauti. Alichokiogopa ni neno gesti. Katika miji yetu gesti si nyumba ya wageni tu. Ni mlango unaopangishwa kwa saa, shuka isiyokauka, mtu anayeandikisha jina la uongo katika daftari. Aliona kitanda cha mama yake kikiingizwa katika daftari hilo. Tulizungumza mpaka usiku, kwa Kisukuma zaidi kuliko Kiswahili. Mwishowe alitoa sharti: asilale humo mtu wa saa. Anayeingia aingie na begi lake, alale, aamke, asalimiwe. Tulikubali, na sharti hilo hutupunguzia mapato kila mwezi. Kaka hulikumbuka kila tunapofanya hesabu, na ana haki. Dada mwenyewe hajalala juu ya kitanda kile hadi leo. Akija hulala chumba cha pili.

Sebuleni nimeweka kile kigoda cha bibi, ambacho Wasukuma hukiita isumbi, karibu na makochi mawili ya mbao niliyoyavisha vitambaa vipya vya khanga. Mgeni mmoja kutoka pwani alikataa kuketi juu yake. Alisema kwao kiti cha namna hiyo, kilichokaa peke yake, ni cha mwenye nyumba, kama vile viti vya enzi vya mpingo vilivyowekwa kwa ajili ya watu wa heshima. Nikamwambia hapa tumekiweka ili ajifungie viatu. Alicheka, akaketi, na nikaona amekaa wima kuliko inavyohitajika kwa kufunga viatu.

Jina nililokuwa nalitafuta lilikuja bila kuitwa, kutoka kwa wachimbaji wawili waliokuwa wakinywa chai barazani kwetu. Ninyi msiokaa kwenye ukanda wa dhahabu niwaeleze. Mawe hutolewa duarani, husagwa kwenye karasha, kisha mchanga wake huoshwa na dhahabu ikanaswa kwa zebaki. Mchanga unaobaki baada ya kuoshwa huitwa marudio. Hautupwi hata kidogo. Wenye mitambo huununua, huuloweka katika matangi yenye sayanaidi, nao hutoa dhahabu ambayo maji na zebaki havikuinasa mara ya kwanza. Wapo waliochimba wakafukarika, na walionunua marudio yao wakajenga ghorofa.

Niliacha kumimina chai. Marudio! Hakuna aibu ndani ya neno hilo, wala hakuna uongo: linakiri waziwazi kwamba kitu kimekwisha kupita katika mikono, na linadai kwamba mikono ile haikumaliza. Sisi wa utunzi tunayajua marudio kwa upande wetu. Tunayo takriri, tunacho kibwagizo, na kila mwenye kuimba anajua kuwa mstari uliorudi beti ya tano hauna uzito ule uliokuwa nao beti ya kwanza, ingawa mizani ni ile ile. Na mizani nayo ni neno la wapima dhahabu kabla ya kuwa letu.

Nilimwita mchoraji wa mabango akaandika juu ya lango: NYUMBA YA MARUDIO. Kaka aliona ni jina la kufukuza wateja. Wiki ya kwanza tipa lilisimama nje, dereva akashuka, akauliza tunauza kwa tripu au kwa tani. Nikamkaribisha ndani. Akauliza mchanga uko wapi. Nikamwonyesha kitanda. Alikitazama kwa muda, kisha, kwa umakini wa mtu aliyezoea kutafuta, aliinama akachungulia uvunguni.