Pumzi ya Gari Kuukuu

Kitu kikuukuu kina heshima yake na taabu yake. Heshima yake ni kwamba kimetumika kikafaa. Taabu yake ni kwamba waliokiunda hawapo karibu kuulizwa. Mwenye nacho hubaki na hiari mbili: kukitupa, au kumtafuta mtu awezaye kukisikiliza. Gari lililo nyumba, lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, ni kitu cha namna hiyo. Lizeekapo halizeeki kama gari tu, wala kama nyumba tu. Huzeeka mara mbili.

Magari ya aina hii hupita Babati kwa sababu mji huo umekaa juu ya njia kuu ya kale, ile iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Tangu mwaka 2002 Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Kwa upande mmoja umeegemea Mlima Kwaraa, na kwa upande mwingine ziwa lenye viboko. Kaskazini njia huenda Arusha. Kusini hupanda mgongo wa Bereko, ikashuka Kondoa mpaka Dodoma. Lami imeifanya safari hiyo kuwa nyepesi, lakini lami haisawazishi mlima. Asubuhi za baridi ukungu hulala Bereko, na pumzi za walio ndani ya gari huganda juu ya kioo.

Gari moja la namna hiyo, lililoundwa Marekani na kupita umri wa miaka 30, lilifikishwa kwa fundi mmoja wa mjini na wazee wawili, mume na mke, wageni kutoka Ujerumani. Shauri lao lilikuwa dogo kulisema, gumu kulitatua. Katika tambarare, upepo wa feni ulitoka vizuri katika matundu yaliyoelekea nyuso zao. Gari lilipoanza kupanda, upepo uliyahama matundu hayo ukaenda wote chini ya kioo cha mbele. Mke alikuwa na kifua dhaifu, na mbele yao lilikuwa joto la Dodoma. Katika mji mwingine walikwisha kubadilishiwa feni nzima kwa fedha nyingi, na ugonjwa ukabaki vile vile.

Ili kuuelewa ugonjwa huo yafaa kuijua njia ya hewa. Katika magari mengine ya zamani, kishikio cha dashibodi huvuta waya, na waya huvuta mlango mdogo ulio ndani ya sanduku la upepo. Katika mengine hakuna waya. Injini ya petroli ivutapo hewa, hubaki nyuma ya mlango wake wa hewa upungufu ambao wataalamu huuita ombwe. Upungufu huo hupelekwa kwa vipira vyembamba mpaka kwenye kiwambo cha mpira. Kiwambo hufyonzwa, na mlango husogea. Injini nzima isipokuwa na mzigo, huvuta kiasi cha sentimita 45 hadi 53 za zebaki kule pwani, na hupoteza takribani sentimita 2.5 kwa kila mita 300 za kupanda juu ya bahari. Tena dereva akanyagapo mafuta mlimani, mvuto huo hupungua mpaka karibu na kwisha. Kwa hiyo waundaji waliweka chombo cha akiba, na kabla yake vali ya njia moja, ili kilichowekwa tambarare kitumike mlimani.

Mgeni alikuwa amechoka kulipa. Aliomba, kwa kinywa cha kijana aliyewaongoza, mlango ule ufungwe kwa waya, upepo uelekee nyuso zao siku zote. Kazi hiyo ingechukua nusu saa, na malipo yangekuwa halali machoni pa mlipaji. Mwanafunzi wa fundi alikwisha kushika koleo. Fundi alimzuia.

“Mzee wangu,” alisema, “nikifunga hapa, mama atapata hewa na wewe hutaona njia. Bereko ina ukungu. Niachieni mpaka jioni. Mama apate hewa, na wewe uone.”

Hapo ndipo ufundi ulipotengana na ufundi wa jina. Fundi hakuanza kwa bisibisi. Alianza kwa hoja. Ikiwa tambarare mlango hutii, basi kiwambo ni kizima na njia haikukatika. Ikiwa mlimani huasi, basi akiba haikai. Akiba isiyokaa ama imetoboka chombo, ama imepotelea mlangoni ilikoingilia. Alikivuta chombo kwa kinywa chake, akaziba tundu kwa ulimi, akangoja. Ulimi ulishikwa, wala haukuachiliwa. Chombo kizima. Akaichomoa vali, akaipuliza upande huu na upande huu. Hewa ilipita kote. Mlinzi wa hazina alikuwa amelala, na kila injini ilipokaza kupanda, hazina ilirudi ilikotoka.

Vali ya gari lile haikupatikana katika duka lolote la mjini. Lakini injini za petroli za Toyota za zamani zina vali ndogo za kazi hiyo hiyo, na gari chakavu halikosekani. Fundi alipata moja, akaijaribu kwa kinywa ajue upande wake, kwa kuwa ikipachikwa kinyume hakuna mvuto ufikao. Akatupa pia kipande cha mpira kilichokaushwa na joto la injini, akaweka kingine chenye kuta nene, maana mpira laini hujibana ufyonzwapo. Kisha akawasha injini, akaelekeza upepo kwenye nyuso, akazima. Injini ilinyamaza, na mlango ukabaki mahali pake. Huo ndio uliokuwa ushahidi, nao ulitolewa kabla ya gari kugusa mlima.

Fundi hakulitamka neno ombwe. Alisema mvuto, akasema akiba. Mwanachuo asilicheke jambo hilo. Ombwe ni jina la kisichopo; mvuto ni jina la kinachofanyika; na mwenye kazi aghalabu hukiita kitu kwa tendo lake. Lugha inayahitaji yote mawili, kama vile kamusi inavyohitaji karakana.

Liko funzo jingine, nalo ni la waundaji. Walijua kwamba vipira vitapasuka na vali zitachoka. Wakapanga kwamba mvuto ukipotea kabisa, upepo usiende usoni mwa abiria kumburudisha, bali uende kwenye kioo, dereva aone. Waliwaza juu ya siku ya kushindwa wakati kitu kingali kipya, wakachagua lipi liokolewe kwanza. Waya aliouomba mgeni ungeliufuta uchaguzi huo bila yeye kujua. Atengenezaye kazi ya mwingine, iwe mashine, sheria au lugha, kwanza na aulize kwa nini iliharibika namna ile ilivyoharibika. Huenda hata kuharibika kwake kulipangwa kwa huruma.