Uzi wa Jeddah hadi Dar es Salaam

Binti yangu alirudi na kazi ya nyumbani: apime umbali wa ndege kati ya miji miwili iliyo mbali. Wenzake walichukua London na New York. Yeye akachagua hapa kwetu, Al-Baghdadiyah mjini Jeddah, na kwa bibi yake, Dar es Salaam.

Tulishika tufe la plastiki na uzi wa kushonea. Nilidhani uzi utakwenda upande, kama njia ninayoijua mimi. Ukanyooka wima. Kumbe miji hii miwili iko karibu kabisa kwenye mstari mmoja, longitudo ya nyuzi 39 mashariki! Miaka kumi na moja nimekaa hapa bila kulijua hilo. Hesabu ikawa nyepesi: Jeddah iko nyuzi 21.5 kaskazini ya ikweta, Dar nyuzi 6.8 kusini. Jumla nyuzi 28.3, na kila moja ni kama kilomita 111. Jibu: kilomita 3,140 hivi.

"Ndiyo maana saa yetu na ya bibi ni moja," akasema. Nikamwongezea la kibla. Makka iko kilomita 70 hivi tu kutoka hapa, kwa hiyo bibi akisimama kuswali huelekea kaskazini, huku tuliko sisi, mara tano kwa siku.

Akanyamaza kidogo. "Sasa mama, mbona ulichelewa kumzika babu?"

Sikulitegemea swali hilo. Tukaipima na safari ile. Jeddah hadi Dubai kilomita 1,700, Dubai hadi Dar karibu 3,950. Jumla 5,650. Ndiyo tiketi niliyoimudu asubuhi ile. Baba alifariki alfajiri, akazikwa baada ya swala ya Alasiri, na saa hiyo mimi nilikuwa uwanja wa ndege nasubiri ndege ya pili, simu sikioni, kaka ananitajia mmoja mmoja walioingia kaburini kumpokea. Nilifika kesho yake. Mama alinifungulia mlango, akanishika mkono, hakuuliza kitu.

Binti akarudi kwenye uzi. Akaona unapita karibu sana na Addis Ababa. Akapima: Jeddah hadi Addis kama 1,400, Addis hadi Dar kama 1,760. Kupitia huko hakuongezi hata kilomita 50.

Kwenye daftari aliandika 3,140, kwa sababu mwalimu alitaka jibu moja. Chini yake, kwa penseli: "Njia ya mama, 5,650." Nilimwambia afute, kisha nikamwambia aache.

Mama yangu ana miaka 78. Shule zikifungwa tunakwenda, na tutapitia Addis.